Jeraha la Aliyekuwa Mbali

Mwinjilisti mmoja wa sharika za milimani alitujia na swali ambalo hatukuweza kulijibu siku ile. Tulilichukua, tukakaa nalo, tukawauliza watu wenye elimu ya mambo haya. Na leo twathubutu kuandika kidogo juu yake, maana twajua kwamba si yeye peke yake aliyeulizwa.

Habari yenyewe ni hii. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, katika mji wa Morogoro. Watu wakakusanyika kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika, nayo ikawaka moto. Waliokufa papo hapo, pamoja na wale waliofia hospitalini katika siku zilizofuata, walizidi 100. Kabla jua halijatua, picha za moto ule zilikuwa zimekwisha kuenea nchi nzima kwa njia ya simu.

Katika usharika wa mwinjilisti huyo alikuwako mama mmoja mjane, mwenye duka dogo la chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Hana ndugu Morogoro, wala hajapata kufika huko. Mjukuu wake alimwonyesha picha zile mara moja, naye akataka kuziona tena, na tena. Tangu siku ile usingizi wake ukakatika. Aliwaona watu wale wakikimbia na moto mgongoni hata alipokuwa akipepeta mchele mchana kweupe. Zaidi ya yote, harufu ya mafuta ya taa, ambayo aliyapima kwa miaka mingi bila kuyafikiri, ilimtoa jasho na kumtetemesha mikono, akaacha kuyauza.

Alipowaambia wazee, mmoja wao alimjibu, wala si kwa ubaya, “Mama, walioungua ni wale. Wewe umeungua wapi?” Mama akaona haya, akanyamaza. Mwinjilisti alipokwenda kumtazama alimshauri aache kabisa kutazama picha za misiba. Hapo mama akakataa. Akasema, “Nikifumba macho, si nitakuwa nimewaacha?”

Basi maswali ni mawili, nayo yamefungana. Je, mtu aweza kujeruhiwa kweli na jambo lililowapata wengine, mahali ambapo yeye hakuwapo? Na kama aweza, je, ana ruhusa ya kugeuza uso wake?

Tuanze na neno la mzee, kwa kuwa wengi wetu tungalilisema vile vile. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha angani cha Marekani, jina lake Challenger, kilipasuka sekunde 73 baada ya kuruka, na wote 7 waliokuwamo wakafa. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa shule, Christa McAuliffe, wa mji wa Concord katika jimbo la New Hampshire. Alikuwa amechaguliwa aende akawafundishe watoto kutoka huko juu, ndiyo sababu watoto wengi mno wa nchi ile walikuwa wameketi mbele ya televisheni siku hiyo. Daktari Lenore Terr, mtaalamu wa akili za watoto, pamoja na wenzake, wakawachunguza watoto 153. Wengine walikuwa wa Concord, ambao kwa jumla walitazama jambo lile katika televisheni, na mwalimu yule alikuwa mtu wao. Wengine walikuwa wa Porterville, California, upande wa pili wa nchi, ambao walisikia habari baadaye. Hofu na ndoto mbaya zilionekana pande zote mbili, lakini ziliwalemea zaidi wale walioona na waliompenda mwalimu. Baada ya miezi 14 nyingi za dalili hizo zilikuwa zimefifia. Daktari huyo aliyaita mambo hayo mishtuko ya mbali.

Twaipenda habari hii kwa sababu yaonyesha kwamba umbali haupimwi kwa maili peke yake. Yuko aliye karibu kwa miguu, yuko aliye karibu kwa macho, na yuko aliye karibu kwa upendo. Watoto wa Concord walikuwa karibu kwa njia mbili kati ya hizo tatu, na hizo mbili zilitosha kuwaumiza.

Wala si habari ya watoto tu. Tarehe 11 Septemba 2001 majumba makubwa mawili ya New York yalipoangushwa, watafiti waliwauliza watu wazima 560 wa Marekani yote, siku ya tatu hata ya tano baada ya jambo lile. Watu 44 katika kila 100 walisema kwamba wamepata angalau dalili moja nzito ya mshtuko. Utafiti mwingine, uliofanywa nje ya mji wa New York, ulikuta baada ya miezi miwili watu 17 katika kila 100 wakiwa bado na dalili za mshtuko ule. Baada ya miezi sita walikuwa wamepungua kuwa karibu 6. Msomaji na aangalie vizuri hesabu hii, maana ina maneno mawili ndani yake. Neno la kwanza ni kwamba wengi huumia. Neno la pili ni kwamba walio wengi hupona, tena bila daktari.

Tena kuna habari ya Boston. Tarehe 15 Aprili 2013 mabomu yalilipuka mahali pa mashindano ya mbio, watu 3 wakafa, na zaidi ya 260 wakajeruhiwa. Watafiti waliwauliza watu zaidi ya 4,600. Wakakuta kwamba watu waliozifuata habari na picha za msiba ule kwa saa sita au zaidi kila siku, katika juma lililofuata, walikuwa na mshtuko mkali kuliko hata wale waliokuwapo penyewe! Sisi tuliposoma hayo mara ya kwanza hatukusadiki. Tukajiuliza, je, picha ndizo zilizowasumbua, au aliyekwisha kusumbuka ndiye aliyezitafuta picha? Watafiti wenyewe walijiuliza vivyo hivyo, wakawafuata wengi wa watu hao kwa miaka mitatu, wakakuta kwamba yote mawili ni kweli. Mwenye hofu hutazama sana, na kutazama sana humwongezea hofu, hata msiba mwingine ukitokea yeye huwa wa kwanza kukimbilia picha zake. Hayo ndiyo yaliyompata mama yetu aliyetaka kuona tena, na tena.

Na kama kuna anayedhani bado kwamba haya ni mambo ya Marekani, na aangalie Nairobi. Huko wako vijana waliopewa kazi ya kutazama picha zinazowekwa katika mitandao ya simu, wapate kuondoa zilizo mbaya: mauaji, mateso, watu wakijiua, watoto wakidhulumiwa. Walikaa vitini, mezani, katika nyumba yenye umeme na maji. Katika kesi waliyoifungua huko, mwaka 2024 ililetwa mahakamani taarifa ya daktari kwamba zaidi ya 140 kati yao walikuwa na maradhi ya mshtuko yasiyokwisha. Hakuna aliyewapiga. Macho yao peke yake ndiyo yaliyopitisha yote.

Kwa hiyo twasema kwamba mzee alikosa. Lakini hakukosa kabisa, nasi twataka kumtendea haki. Madaktari wa akili wa Marekani waliyaandika maradhi haya katika kitabu chao cha magonjwa tangu mwaka 1980. Mwaka 2013 walipokitoa kitabu hicho mara ya tano waliweka mpaka: aliyeona jambo kwa televisheni au picha tu hahesabiwi kuwa mgonjwa wa maradhi yale yenyewe, isipokuwa kazi yake ndiyo iliyomlazimisha kutazama. Mpaka huo una sababu. Kama kila aliyeona picha ya moto aitwa majeruhi, basi yule aliyetolewa motoni, ngozi yake ikibaki mikononi mwa waliomtoa, tumwite nani? Kuna ngazi katika maumivu, na asiyetaka kuzitambua huwadhulumu walio chini kabisa. Mzee alizijua ngazi hizo. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba aliye ngazi ya juu hayumo katika ngazi kabisa, hata akamfunga kinywa mtu ambaye dawa yake ya kwanza ilikuwa kusema.

Na haya ile ndiyo iliyomzidishia mama ugonjwa. Maana aliyeumia kwa haki yake hulia, watu wakaja, wakakaa naye mkekani. Aliyeumia kwa msiba wa wengine hana matanga. Hajui amlilie nani, na akilia huulizwa kwa nini. Twawaomba sana walimu na wazee wasiulize “Umeungua wapi?” bali waulize “Wapata usingizi?” Hilo lajibika.

Sasa tuje kwa neno la mama, ambalo kwetu ndilo zito zaidi. Alisema kwamba akifumba macho atakuwa amewaacha. Ndani ya neno hili mna upendo, nasi hatutaki kulipuuza. Tena lina ushahidi wa kuliunga mkono. Mwaka 1994, watu walipokuwa wakiuawa Rwanda kwa maelfu kila siku, mataifa makubwa yaligeuza uso. Tarehe 21 Aprili mwaka ule Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamuru askari wake waliokuwako wapunguzwe wabaki 270. Siku chache baadaye, tarehe 28 na 29 Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, waliokosa na wasiokosa wamechanganyika, na miili ya waliouawa ikachukuliwa na maji ya Kagera mpaka Ziwa Victoria. Watu wa Ngara hawakuwa na nafasi ya kuchagua kutazama au kutotazama. Je, mtu aliyejua habari hizo aweza kuwaambia wengine, “Fumbeni macho, mlale vizuri”?

Hilo ni pingamizi kubwa, na tulilihangaikia. Lakini tulipolitazama kwa makini tuliona kwamba lasema jambo jingine. Wale waliokaa barazani siku ile walikuwa na habari. Hawakupungukiwa na kujua. Walipungukiwa na kutaka kutenda. Nasi tunaojua habari ya msafiri aliyeanguka kati ya wanyang’anyi katika njia ya Yeriko twakumbuka kwamba watu watatu walipita hapo, na wote watatu walimwona. Kuhani aliona, Mlawi aliona, Msamaria aliona. Hakuna hata mmoja anayesifiwa kwa kuona. Yafaa pia kukumbuka kwamba Msamaria, alipokwisha kumfunga majeraha na kumfikisha katika nyumba ya wageni, aliacha fedha, akaenda zake safari yake. Hakuketi mlangoni kumtazama usiku na mchana.

Basi twapambanua kati ya kujua na kukodoa macho. Kujua ni wajibu. Asiyetaka kujua kwamba watu wanakufa, kwa sababu habari hizo zitamharibia chakula, huyo amemwacha mwenzake kweli. Lakini kujua hutimia kwa maneno machache: mahali, siku, waliopatwa, sababu, na msaada unaotakiwa. Picha ya kumi ya moto ule ule haiongezi ujuzi. Yaongeza nini? Tumemuuliza mama kwa njia ya mwinjilisti wake, naye akajibu kwa unyofu kwamba hakujua. Alihisi tu kwamba asipotazama kuna kitu kibaya kitatokea bila yeye kukiona. Hofu ilikuwa imevaa nguo za upendo, na yeye mwenyewe hakuitambua.

Hapa tukumbuke jambo lililotokea Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, siku ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa huko, na mwingine Dar es Salaam. Waliokufa Nairobi walikuwa 213, na Dar es Salaam 11. Huko Nairobi, kabla ya mlipuko mkubwa, ulisikika mshindo mdogo, na watu wengi katika majengo ya jirani wakaenda madirishani kutazama kuna nini. Mlipuko mkubwa ukawarushia vioo usoni, na wengi wakapotewa na macho yao. Hatulisemi hili kwa lawama hata kidogo. Nani kati yetu asingekwenda dirishani? Ndivyo tulivyoumbwa, na kwa kawaida kutazama huko hutuokoa. Lakini dirisha la zamani lilionyesha njia moja na soko moja. Dirisha tulilo nalo mfukoni leo laonyesha misiba ya dunia nzima, tena laonyesha ule ule mara mia, na mwili wetu hauna njia ya kujua kwamba moto ule ulizimwa zamani. Moyo wapiga, jasho latoka, miguu yataka kukimbia, na hapana pa kukimbilia.

Tena kuna jambo ambalo hatujaona likisemwa vya kutosha, nalo ni haki ya yule aliye katika picha. Mtu aliyekuwa akikimbia uchi, nguo zimeungua, hakuulizwa kama apenda kuonekana na watu milioni. Sisi tunapokuwa na maiti nyumbani hufanyaje? Twamfunika. Wachache wa karibu ndio wanaomwosha, na mlango hufungwa. Hatusemi kwamba tuliobaki nje tumemwacha; twasema kwamba tumemheshimu. Kwa nini basi aliyekufa Msamvu asifunikwe? Kumrudishia nguo yake kwa kuifuta ile picha, na kumwambia aliyeipeleka asiipeleke mbele, ndiko kukaa naye kwa kweli kuliko kumtazama.

Wazee wetu, kabla ya simu, walikuwa na adabu katika kupeleka habari za msiba. Mjumbe hakusema akiwa amesimama mlangoni. Aliingia, akaketi, akapewa maji, akaulizwa habari za njiani, na huku mwenye nyumba akiisha kuanza kuelewa. Kisha neno likasemwa kwa sauti ya mtu, na aliyelisema akabaki hapo mpaka kilio cha kwanza kipite. Habari ilikuja pamoja na mtu wa kuichukua nawe. Leo habari yaja peke yake, saa nane za usiku, nawe umelala peke yako. Hatuwezi kuzirudisha siku zile, wala hatutaki kuvunja simu, zimewaokoa wengi. Lakini adabu yaweza kurudi. Mwenye habari nzito aweza kuisema kwa maneno kabla ya kuonyesha lo lote, tena aweza kutoonyesha.

Kwa wale waliokwisha kujeruhiwa, hatusemi mengi, maana sisi si madaktari. Picha zinazorudi zenyewe, ndoto, kushtuka kwa kishindo kidogo, kukwepa mahali au harufu: hayo katika siku za kwanza si wazimu wala si upungufu wa imani, na kwa wengi hupungua. Simu ilale chumba kingine. Habari zisikilizwe mara moja kwa siku, mchana, kwa redio kama ipo. Watoto wasionyeshwe picha, tena waulizwe wameona nini kwa wenzao, kwa sababu mtoto akiona picha ile ile mara kumi aweza kudhani kwamba moto umewaka mara kumi. Mtu na amsimulie mtu mmoja anayemwamini, si umati. Kisha afanye kwa mikono yake tendo moja dogo linalohusu msiba ule au unaofanana nao, kwa maana mkono uliotenda huuambia moyo kwamba haukufungwa. Lakini ikiwa mwezi mzima umepita na hali ni ile ile, au kazi imeshindikana, au mtu asema heri afe, hapo si mambo ya ushauri wa barazani tena. Apelekwe hospitali, na mtu afuatane naye.

Jambo moja zaidi tulijifunza kwa madaktari, kwamba kinachokwepwa hukua. Aliyeacha kupita njia fulani kesho ataacha na ile iliyo karibu nayo. Kwa hiyo wao humrudisha mgonjwa kwa kitu anachokiogopa, polepole, hatua kwa hatua, naye akiwa na mtu karibu. Twasema tena, polepole. Kumlazimisha ni kumwongezea jeraha. Wala hili halipingani na tuliyosema juu ya picha, maana mafuta ya taa ni sehemu ya maisha ya mama yule, na picha za moto si sehemu ya maisha ya mtu ye yote.

Mwinjilisti alirudi kwake, akamwita yule mzee, wakazungumza. Hakutuandikia waliyoyasema. Alituandikia tu kwamba Jumamosi iliyofuata mzee alifika dukani asubuhi, akauliza lile pipa la mafuta liko wapi, akalitoa uani, akaketi akawapimia watu mwenyewe, na mama akiwa mbali, kwenye mlango wa mbele, akipokea fedha. Alifanya hivyo Jumamosi hata Jumamosi, mpaka mvua za vuli zikaisha. Siku moja chupa ya mteja ilikuwa na mdomo mwembamba na mkono wa mzee ukatetemeka, mafuta yakamwagika kidogo. Mama akaja akamshikia chupa.